Kura ya Kwa Vonza si mali ya ngome

Majuma machache yaliyopita, baada ya mhadhara wangu wa isimujamii, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinifuata hadi mlangoni na kuniuliza swali ambalo sijaweza kulisahau. "Daktari," aliniambia, "kujiandikisha kuwa mpiga kura hapa Kwa Vonza kutanifaa nini, ilhali kila mtu ajua kwamba hii ni ngome, na matokeo yamekwisha kupangwa kabla ya siku yenyewe kufika?" Sikumjibu papo hapo. Nilimwahidi kwamba ningelitafakari swali lake. Na kwa kuwa najua fika kwamba hayuko peke yake katika fikira hiyo, nimeona heri nimjibu hadharani, mbele ya walimu na wanafunzi ambao ndio wasomaji wakuu wa ukurasa huu.

Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa siasa. Kazi yangu ni maneno. Kwa hiyo naomba niruhusiwe kuanza na neno moja alilolitumia kijana huyo bila ya kulipima: ngome. Katika Kiswahili cha asili, ngome ni jengo la vita. Wakazi wa Mombasa wanayo Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na kila aliyeizuru ajua ilivyo: kuta nene, mizinga, na lango moja la kuingilia. Ngome humzuia adui asiingie. Lakini tusisahau kwamba ngome hiyo hiyo, baada ya Waingereza kuitwaa, ilikuwa gereza kwa miaka mingi. Ukuta unaomzuia adui asiingie waweza pia kumzuia mwenyeji asitoke. Wanasiasa wetu, pamoja na sisi tunaoandika magazetini, tumelichukua neno hili na kulibandika juu ya vijiji vya watu walio hai, wenye akili na maoni yao, kana kwamba ni mawe yaliyopangwa.

Kwa Vonza ni soko dogo lililo kando ya barabara itokayo Machakos kwenda mji wa Kitui. Jina lenyewe, kama yalivyo majina mengi ya Ukambani, laonyesha kuwa mahali hapo paliitwa kwa jina la mtu. Ni nchi kavu. Wakulima wake hutegemea mbaazi, ndengu, mtama na kunde, na hutazama mbingu kwa hamu kila ufikapo mwezi wa Oktoba, kwani mvua za mwisho wa mwaka ndizo za kuaminika zaidi katika sehemu hizo. Katika ramani ya uchaguzi, wadi ya Kwavonza/Yatta ni mojawapo ya wadi nne za eneo la uwakilishi bungeni la Kitui Rural, ambalo lilizaliwa mwaka 2012 mipaka ilipochorwa upya na idadi ya viti vya maeneo bunge kuongezeka hadi 290. Upande wa elimu, sehemu hiyo imebarikiwa kuwa na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na ambacho kabla ya hapo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hivyo basi, wakulima wa ndengu na maelfu ya wanafunzi wa shahada huishi bega kwa bega katika wadi moja. Swali la kijana wangu linawahusu wote.

Hebu tuitazame hiyo inayoitwa ngome. Je, ni kweli kwamba watu wa Kitui wamekuwa wa chama kimoja tangu jadi? La hasha! Historia yatoa ushahidi tofauti kabisa.

Mwezi Machi mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Ukambani ilimchagua James Muimi, mmoja wa wale wanane walioingia humo pamoja na akina Tom Mboya na Oginga Odinga. Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba katika uchaguzi huo kura hazikuwa sawa. Serikali ya kikoloni ilitoa haki ya kupiga kura kwa kupima elimu, mapato, mali na utumishi wa mtu, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kuwa na kura hadi tatu, huku jirani yake mkulima asiye na cheti akikosa hata moja. Naomba jambo hili likumbukwe, kwani nitalirejea.

Kisha ukaja uhuru, na baadaye enzi ya chama kimoja. Mwaka 1988, KANU iliwateua wagombea wake kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, mbele ya chifu na majirani, na aliyepita asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kupita bila kupingwa. Nani angethubutu kusimama katika mlolongo mfupi huku mwajiri wake akimtazama? Walimu ndio waliojua zaidi uchungu wa jambo hilo, kwa maana walikuwa watumishi wa serikali na macho ya wakubwa yalikuwa juu yao.

Uchaguzi wa vyama vingi uliporejea tarehe 29 Desemba 1992, Kitui haikwenda kama kundi la kondoo. Charity Ngilu alishinda Kitui Central kwa tikiti ya DP, chama cha taa, ilhali Nyiva Mwendwa alishinda Kitui West kwa tikiti ya KANU, chama cha jogoo, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini Kenya. Wilaya moja, akina mama wawili, vyama viwili. Mwaka 1997 Bi. Ngilu aligombea urais kwa tikiti ya SDP, na chama hicho kikapata viti 15 bungeni, vingi vikitoka Ukambani. Mwaka 2002 upepo ukavuma upande wa NARC. Mwaka 2007 Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa Tseikuru, aligombea urais kwa ODM-Kenya, akawa wa tatu nchini, na Ukambani ilisimama naye. Baadaye chama hicho kikageuka kuwa Wiper, chama cha mwavuli, na tangu mwaka 2013 ndicho kinachotajwa kila neno ngome linapotamkwa.

Hesabu, ewe msomaji: taa, jogoo, SDP, NARC, ODM-Kenya, mwavuli. Katika miaka ishirini na mmoja, watu wale wale walihama vyama mara kadhaa. Kilichodumu si chama, bali ni tabia ya kumfuata kiongozi atokaye nyumbani anapokuwa na nafasi ya kufika Ikulu, au karibu na Ikulu. Tabia hiyo si ya Wakamba peke yao. Yapatikana kila pembe ya nchi hii. Mtu aweza kuilaumu au kuitetea, lakini asiseme kwamba haitokani na hesabu. Mkulima wa nchi kavu ajua kwamba barabara, mabwawa na shule kwa miaka mingi zilifuata majina ya wakubwa. Alipiga kura kama apandavyo mbegu, akiitupa pale alipodhani mvua itanyesha.

Isitoshe, hata chini ya mwavuli huo, mwananchi wa Kitui ameonyesha kuwa aweza kuchagua atakavyo. Mwaka 2013 alimpa ugavana Julius Malombe wa Wiper. Mwaka 2017, huku muungano wa NASA ukipata kura nyingi za urais katika kaunti hiyo na Bw. Musyoka akiwa mgombea mwenza, wananchi walimwondoa gavana wa Wiper na kumchagua Bi. Ngilu wa NARC. Mwaka huo huo Kitui Rural ilimpeleka bungeni David Mwalika Mboni kwa tikiti ya CCU. Mwaka 2022 Dkt. Malombe akarudi katika ugavana, na Bw. Mboni akarudi bungeni, safari hii kwa tikiti ya Wiper. Ngome gani hii ambayo lango lake hufunguliwa na kufungwa na wenyeji wenyewe kila baada ya miaka mitano?

Jawabu langu la kwanza kwa mwanafunzi wangu ndilo hilo. Katika kura moja kati ya sita, yaani ile ya urais, mwelekeo wa kijiji waweza kukisiwa mapema. Katika hizo tano nyingine, za gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, hakuna ajuaye mpaka masanduku yafunguliwe. Na hizo tano ndizo zinazoamua kama zahanati itakuwa na dawa, kama basari itamfikia yatima, na kama bwawa litachimbwa kabla ya ukame au baada yake.

Sasa nije kwenye idadi ya wapiga kura, jambo linalozua mjadala mwingi na fikira haba. Mwaka 2013, takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha nchini walipiga kura. Agosti 2017 walikuwa karibu asilimia 80. Katika marudio ya Oktoba 26 mwaka huo, NASA ilipojitoa, hawakufika asilimia 40, na katika sehemu nyingi za Ukambani watu walibaki majumbani. Mwaka 2022, kati ya wapiga kura milioni 22.1 walioandikishwa, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65. Ukiipiga hesabu utaona kwamba zaidi ya watu milioni 7 na nusu walioandikishwa hawakupiga kura. William Ruto alishinda kwa kura 7,176,141. Yaani waliokosekana vituoni, kwa mujibu wa daftari, walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi. Tofauti kati yake na Raila Odinga ilikuwa kura 233,211 tu.

Ni rahisi kuzitazama tarakimu hizo na kukata shauri kwamba Mkenya amekuwa mvivu. Nawasihi walimu wa hisabati watusaidie hapa, kwa maana asilimia ni sehemu ya kitu fulani, na kabla ya kuilaumu sehemu ni lazima tukichunguze kitu chenyewe. Daftari la mwaka 2013 lilikuwa jipya kabisa. Liliandikwa kwa muda wa siku thelathini tu, kati ya Novemba na Desemba 2012. Walioandikwa humo walikuwa hai, na walikuwa wamejitokeza wenyewe miezi michache tu kabla ya uchaguzi. Daftari likizeeka, hubeba majina ya waliofariki na ya waliohama. Ukaguzi uliofanywa kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta majina ya zaidi ya marehemu laki mbili. Marehemu hapigi kura, wala hatupaswi kumhesabu miongoni mwa wavivu. Kwa hivyo, sehemu ya anguko hilo kutoka 86 hadi 65 ni anguko la daftari, si la moyo wa mwananchi.

Sehemu nyingine ni ya maisha. Katika vijiji vinavyoizunguka Kwa Vonza, vijana wengi wenye nguvu hawako nyumbani. Wako Nairobi, wako Mombasa, wako Athi River, wakitafuta riziki. Wengi wao wamejiandikisha nyumbani, kwa kuwa huko ndiko moyo uliko, na siku ya uchaguzi hulazimika kuchagua kati ya nauli ya kwenda kupiga kura na unga wa watoto. Zamani tulipopiga kura mwezi wa Desemba, angalau wengi walikuwa wamerudi kwa Krismasi, ijapokuwa matope nayo yalikuwa na lake la kusema. Mwaka 1997 mvua za El Niño zilichangia upigaji kura kuendelea hadi siku ya pili. Tangu 2017 tunapiga kura mwezi Agosti, wakati wa kiangazi, ambapo mama wa nchi kavu huamka alfajiri kwenda kutafuta maji. Akikosa kufika kituoni, tusiseme upesi kwamba hajali.

Lakini nikisema hayo, simaanishi kwamba hakuna waliojali wakaacha kujali. Wapo, na wengi wao ni vijana. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi ililenga kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, ikapata takriban milioni moja na nusu. Idadi ya vijana walioandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2022 ilikuwa pungufu ya ile ya 2017, ingawa taifa lilikuwa limeongezeka watu. Miaka miwili baadaye, Juni 2024, vijana hao hao waliujaza mji wa Nairobi na miji mingine kuupinga Mswada wa Fedha. Wengine walipoteza maisha. Na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Nani basi atasema kwamba kijana wa Kenya hana hamu na siasa? Anayo hamu, na ushujaa anao. Asichokuwa nacho ni imani kwamba karatasi ina nguvu kama barabara.

Nami namwelewa. Kitu kimoja kinachoiua imani hiyo ni kile kile kinachoitwa ngome. Mahali panapoitwa ngome, uchaguzi halisi huhamia kwenye uteuzi wa chama, na uteuzi huo mara nyingi hufanywa na watu wachache, au huamuliwa mezani kwa kile kinachoitwa tikiti ya moja kwa moja. Mgombea wa upinzani haji kufanya kampeni, akisema huko ni kwa mwenyewe. Na mwenyewe naye haji, akisema huko ni kwangu. Matokeo yake ni kwamba kijiji kinachompenda mtu sana ndicho kinachotembelewa kidogo zaidi, huku ahadi nono zikipelekwa kwa wale wanaosemekana kutoamua. Mtoto asiyelia hapewi titi, wahenga walinena. Basi kura ya uhakika ni kama mtoto asiyelia.

Kuna maneno mengine mawili ningependa tuyatofautishe. Twasema "kupiga kura", na pia twasema "kupiga debe". Kura ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile bahati nasibu iliyotumiwa kugawa vitu kwa haki pasipo upendeleo. Aliyesoma Biblia ya Kiswahili amekutana nayo kwa maana hiyo. Debe ni bati tupu linalopigwa ili litoe sauti. Katika vijiji vyetu, debe hupigwa kwa miezi mingi, na kura kwa dakika chache. Vijana hutumiwa kupiga debe, wakivaa fulana na kofia na kupanda juu ya magari. Lakini siku ya kura idadi yao hupungua. Debe lao lilisikika, lakini halikuhesabiwa.

Hoja nitakayopingwa nayo naijua. Baadhi ya wazee wa Kwa Vonza husema kwamba wanafunzi ni wageni. Kwamba wakijiandikisha kwa wingi watawachagulia wenyeji mwakilishi wa wadi, kisha wakisha kuhitimu waende zao na kuwaacha wenyeji na mzigo. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Kiti cha wadi chaweza kuamuliwa kwa kura mia chache, na mabweni machache yana kura nyingi kuliko hizo. Hata hivyo, sheria humruhusu raia kujiandikisha katika kituo akipendacho, na mwanafunzi aishiye mahali kwa miaka minne hunywa maji ya hapo, hutembea katika barabara ya hapo na hutibiwa katika zahanati ya hapo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyekwisha kupewa jembe hawezi kunyimwa sauti shambani.

Lakini sisi wasomi tuna wajibu nasi. Mwaka 2022 niliwaona kwa macho yangu wanafunzi wangu waliojiandikisha karibu na chuo wakati wa muhula, kisha uchaguzi ukafika Agosti chuo kikiwa kimefungwa, nao wako kwao, wengine mamia ya kilomita kutoka kituoni. Walihesabiwa miongoni mwa waliokataa kupiga kura, ilhali walichokikosa ni nauli na mipango. Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi ujao utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Kila mwanafunzi na ajiulize leo: siku hiyo nitakuwa wapi? Akisha kujua, ajiandikishe huko, au ahamishe jina lake mapema, kabla daftari halijafungwa. Shauri hili ni dogo na halina fahari yoyote, lakini laweza kuokoa kura nyingi kuliko hotuba kumi.

Sasa nirejee kwenye jambo nililoomba likumbukwe. Mwaka 1957, mtu aliyesoma aliweza kupewa kura mbili au tatu, na asiyesoma hakupewa kitu. Waliopigania uhuru waliuona huo kuwa ni dhuluma, wakadai kura moja kwa kila mtu, na wakaipata. Leo mambo yamegeuka. Nyanya yangu hakujua kusoma wala kuandika. Siku ile ya Desemba 1992, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nilimsindikiza hadi kituoni katika kijiji kisicho mbali na Kwa Vonza. Tulisimama juani kwa saa nyingi. Zamu yake ilipofika, ilimbidi amnong'oneze msimamizi jina la mgombea wake ili amtilie alama, mawakala wakisikiliza. Aliporudi alikuwa amekunja uso, na nilidhani amegombezwa. Alipopata pumzi aliniambia kwamba kilichomuudhi ni kwamba watu watatu sasa wajua siri yake, na kwamba nisome kwa bidii ili siku yangu itakapofika mtu asiijue yangu.

Nimeisoma siri hiyo mpaka nikapata shahada ya uzamifu. Ndiyo maana huona haya ninapoingia katika ukumbi wenye vijana wengi wanaojua kusoma lugha mbili au tatu, nikauliza ni wangapi waliojiandikisha, nikaona mikono michache ikiinuka. Bibi asiyejua kusoma alisimama juani ilhali siri yake ilikuwa hatarini. Msomi mwenye siri iliyolindwa kwa sheria anaitupa kabla hata ya kuishika.

Walimu wenzangu, nanyi nina ombi kwenu. Najua kwamba kanuni za kazi haziwaruhusu kuwa wapiga debe wa chama chochote, na hilo ni jema. Lakini kumweleza mwanafunzi seneta ni nani na mwakilishi wa wadi ni nani si siasa za vyama, ni somo. Katika vijiji vyetu, watu hupewa karatasi sita zenye majina ya vyeo ambavyo hawajawahi kuelezwa katika lugha wanayoielewa. Mkutano wa hadhara huendeshwa kwa Kikamba, redio husema Kiswahili, na bajeti ya kaunti huandikwa kwa Kiingereza. Katikati ya lugha hizo tatu, mwananchi hupotea. Humlaumu mbunge kwa kazi ya gavana, na gavana kwa kazi ya serikali kuu, kisha husema kwamba kura haina maana. Mwalimu aliyeko kijijini ndiye mkalimani tuliye naye. Wengi wenu mmewahi kuwa makarani na wasimamizi wa vituo. Mwaijua kazi hiyo kuliko wanasiasa.

Aidha, kuna zana moja ya kufundishia ambayo haigharimu chochote. Mwaka 2022, tume iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 mahali ambapo kila mwananchi angeweza kuzisoma. Fomu hizo ndizo zilizokuwa kiini cha mvutano Mahakama ya Juu ilipoufutilia mbali uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Mwalimu na achukue fomu ya kituo kilicho katika shule yake mwenyewe. Wanafunzi wasome: ni wangapi walioandikishwa? Ni wangapi waliopiga kura? Ni kura ngapi zilizokataliwa, na kwa nini? Kisha watembee kijijini waulize kwa adabu: katika waliokosa, nani amefariki, nani alikuwa Mombasa, nani hakuwa na kitambulisho, na nani alisema hakuna haja? Kila jawabu lina dawa yake. Marehemu aondolewe daftarini. Aliyeko Mombasa ahamishe jina lake. Asiye na kitambulisho asaidiwe kukipata. Ni huyo wa mwisho tu, aliyesema hakuna haja, anayehitaji kushawishiwa kwa hoja, na huenda mkagundua kwamba ni wachache kuliko tulivyodhani.

Sitamwambia mwanafunzi wangu amchague nani. Akiupenda mwavuli, aukunjue kwa hiari yake. Akiona hauna kivuli, autafute mti mwingine. Ninachomkataza ni kumwachia mtu mwingine amwambie kwamba tayari amekwisha kuchagua, eti kwa sababu anaishi mahali fulani au anazungumza lugha fulani. Soko la Kwa Vonza laweza kuendelea kubeba jina la mtu aliyepaanza, na hakuna ubaya. Lakini kura ya mkazi wake haina jina la mtu juu yake mpaka yeye mwenyewe, akiwa peke yake nyuma ya pazia, aitie alama.

Hilo ndilo jawabu langu. Limekawia, lakini muda bado upo. Namngoja kijana huyo mlangoni baada ya mhadhara ujao, na safari hii nitakayeuliza swali ni mimi: Je, umekwisha kujiandikisha?